Mama, binti na komamanga: Kisa kimoja kilivyochorwa kwa macho mawili

Mama amesimama mlangoni mwa pango, mikono ameitandaza. Chini yake, gizani, kijana mwenye fimbo iliyozungukwa na nyoka anapaa taratibu akiwa amemshika msichana. Msichana amepauka kama mtu aliyetoka kuugua. Kichwa kimelegea, mikono ameinyoosha juu kumwelekea mama. Bado hawajakumbatiana. Imebaki hatua moja tu.

Mchoro huo ni kazi ya Mwingereza Frederic Leighton, na unaitwa Kurudi kwa Persephone. Aliuonyesha London mwaka 1891, na leo umo katika jumba la sanaa la mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza.

Miaka 17 kabla yake, mchoraji mwingine wa London, Dante Gabriel Rossetti, alimchora msichana huyohuyo. Kwake hakuna mama, hakuna mjumbe, hakuna mlango wa kutokea. Yupo mwanamke mmoja ukumbini, amesimama peke yake na tunda mkononi. Mchoro huo wa mwaka 1874 unaitwa Proserpine, jina ambalo Warumi walimwita Persephone, na umo katika jumba la Tate mjini London.

Msichana ni mmoja na kisa ni kimoja. Ila mzazi anayeitazama michoro hii miwili kwa kuiweka pamoja, hata kwenye kioo kidogo cha simu, ataona kwamba mmoja umechorwa kwa jicho la mama na mwingine kwa jicho la mtoto.

Kisa chenyewe

Pwani ya Afrika Mashariki mwaka huhesabiwa kwa masika, kiangazi, kipupwe na vuli. Ulaya wana baridi kali inayoua majani, kisha wana majira ya kuchipua, pale ardhi iliyolala inapofunguka na kutoa maua. Wagiriki wa kale walikuwa na kisa cha kueleza kwa nini mambo huenda hivyo. Kimo katika utenzi wa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na kinaanza na binti kuibiwa.

Demeter alikuwa mungu wa kike wa nafaka. Alikuwa na binti mmoja, Persephone. Siku moja binti alikuwa kondeni na wenzake wakichuma maua. Akaona ua la ajabu ambalo hajapata kuona mfano wake. Alipolishika, ardhi ikapasuka. Akatoka Hades, mfalme wa kuzimu, juu ya gari la farasi, akamnyakua na kuzama naye.

Jambo linalouma zaidi katika kisa hiki ni kwamba Zeus, baba wa msichana na mkuu wa miungu wote, alikuwa amekubali. Hades ni kaka yake Zeus, kwa hiyo ni baba mkubwa wa binti huyo. Wanaume wawili wa ukoo mmoja walikwisha kuelewana. Mama hakuambiwa, na binti hakuulizwa.

Demeter alisikia ukelele, lakini hakuona kitu. Kwa siku 9 alizunguka dunia na mienge mikononi, hali, hanywi, hajimwagii maji. Siku ya kumi alikutana na Hecate, ambaye naye alikuwa amesikia ukelele tu. Wakaenda wote wawili kwa Jua, ambalo huona kila kitu, na Jua ndilo lililosema ukweli: baba yake ndiye aliyemtoa.

Mama yule akaihama nyumba ya miungu. Akajigeuza bibi kizee, akafika Eleusis, karibu na Athene, akakaa kisimani. Mabinti wa nyumba ya mfalme wakamkuta hapo, wakampeleka kwao, akapewa kazi ya kulea mtoto mchanga wa kiume. Mwenye kupotelewa na mtoto akashika mtoto wa watu.

Kisha ghadhabu ikaja. Demeter alizuia mbegu zisiote. Ng'ombe walivuta majembe bure, shayiri ilitupwa ardhini bure. Njaa ilipokaribia kuwamaliza wanadamu, Zeus alituma wajumbe mmoja baada ya mwingine kumbembeleza, na wote akawakatalia. Hakuna kitakachoota, alisema, mpaka amwone mwanawe kwa macho yake.

Ndipo Hermes, mjumbe wa miungu, akatumwa kuzimu. Hades alikubali kumwachia msichana, lakini kabla hajaondoka alimlisha punje ya komamanga. Kwa sheria ya kule, aliyekula chakula cha kuzimu hawezi kutoka moja kwa moja.

Waamuzi wakagawanya mwaka. Katika utenzi huo wa Kigiriki, binti hukaa theluthi moja ya mwaka kwa mume na theluthi mbili kwa mama. Mshairi Mroma Ovid, aliyekisimulia tena karne nyingi baadaye, aliweka miezi 6 kwa 6. Binti akishuka, ardhi hukauka. Akipanda, maua huchipua.

Leighton: Furaha iliyo mlangoni

Leighton alizaliwa mwaka 1830 na akawa mchoraji mwenye cheo kuliko wote katika Uingereza ya wakati wake. Tangu mwaka 1878 aliongoza Chuo cha Kifalme cha Sanaa, na mwaka 1896, siku moja kabla ya kufa, alipewa hadhi ya ulodi. Hakuoa na hakuacha familia. Hata hivyo picha yake hii inamgusa mzazi kwa haraka.

Ni turubai kubwa, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Mtu akisimama mbele yake hujikuta yuko ndani ya pango pamoja na wanaotoka. Giza liko chini, mwanga uko juu, na safari yote ya jicho ni kupanda. Mama yuko kwenye mwanga, amevaa vazi la rangi ya joto, rangi ya mavuno yaliyoiva. Binti amevaa nguo za rangi hafifu, na uso wake bado una kuzimu ndani yake. Pembeni mwa mlango maua yamekwisha kuanza.

Leighton angeweza kuchora kukumbatiana kwenyewe. Hakufanya hivyo. Alichagua nukta ya kabla. Kila mzazi aliyewahi kusimama kituo cha mabasi akimsubiri mtoto anayerudi kutoka shule ya bweni anaijua nukta hiyo: gari limesimama, mlango umefunguliwa, abiria wanashuka, na yule wako ndiyo kwanza umemwona kichwa.

Anayeitazama picha kwa makini ataona jambo jingine. Anayepanda kwa nguvu ni Hermes. Binti mwenyewe hana nguvu, amebebwa. Mama ndiye anayeangaza uhai, na binti anaufuata mwanga huo kama mche unavyofuata jua. Anarudi, lakini bado hajapona. Kati ya kufika na kupona kuna muda, na mchoraji huyo hakuuficha.

Komamanga halimo. Asiyejua kisa ataona mwisho mwema tu. Anayekijua anaelewa kwamba swali la kwanza la mama, baada ya kukumbatiana, litakuwa gumu. Katika utenzi wa kale, Demeter akiwa bado amemshika mwanawe anahisi kuna jambo haliko sawa, na anamuuliza: mwanangu, hukula chochote kule?

Rossetti: Mwanga ulio ukutani

Rossetti alizaliwa London mwaka 1828, baba yake akiwa Mwitaliano aliyekimbia siasa za kwao. Alikuwa mshairi na mchoraji, na hakupenda kuonyesha kazi zake hadharani. Picha zake nyingi zilitoka chumbani kwake kwenda moja kwa moja kwenye nyumba za matajiri. Proserpine ya mwaka 1874 ilinunuliwa na Frederick Leyland, mwenye meli wa Liverpool.

Turubai yake ni nyembamba, sentimita 125 kwa 61, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Mwanamke ameijaza yote. Nywele ni nzito na nyeusi, shingo ni ndefu, vazi ni la rangi ya maji ya kina kirefu, kati ya bluu na kijani. Mkono wa kushoto umeshika komamanga lililokatwa, na ndani yake ni wekundu. Midomo yake ina wekundu huohuo. Mkono wa kulia umekamata kifundo cha ule wa kushoto, kama mtu anayeuzuia mkono wake mwenyewe. Lakini tunda limekwisha kuliwa.

Rossetti mwenyewe alieleza maana ya vitu alivyoviweka. Ukumbi ni wa jumba la mumewe, kuzimu. Nyuma yake ukutani kuna kipande cha mwanga: mahali fulani mlango umefunguliwa kwa dakika moja, na mwanga wa duniani umeingia. Anautupia jicho la wizi. Mbele yake kuna chetezo cha ubani, kuonyesha kwamba yeye ni mungu wa kike. Na mmea unaotambaa ukutani ni kumbukumbu, ambayo ikishakamata haibanduki.

Majira ya kuchipua katika picha hii ni kile kipande cha mwanga tu. Hakuna ua hata moja lililochanua. Mtazamaji anajua huko nje pamekucha kwa sababu mwanamke huyu anajua, na macho yake yanaonyesha kwamba hawezi kwenda.

Juu ya picha, pembeni, Rossetti aliandika shairi lake mwenyewe kwa Kiitaliano, lugha ya baba yake. Hakuimaliza kazi hiyo na kuiacha. Alianza turubai zisizopungua nane za Proserpine huyohuyo. Ya mwisho, iliyomo Birmingham, aliikamilisha mwaka 1882, muda mfupi kabla ya kufa.

Aliyekaa kuchorwa

Mwanamke aliyemkalia Rossetti alikuwa Jane Morris. Alizaliwa Oxford mwaka 1839, binti wa mfanyakazi wa zizi la farasi, katika nyumba isiyo na kitu. Akiwa msichana, Rossetti na wenzake walimwona na wakaomba wamchore. Mwaka 1859 aliolewa na William Morris, rafiki wa Rossetti, mtu wa mali na kipaji, ambaye jina lake linajulikana hadi leo kwa nakshi za vitambaa na karatasi za ukutani. Walipata mabinti wawili, Jenny na May.

Rossetti naye alikwisha kuonja msiba. Mtoto wake, wa kike, alizaliwa mfu mwaka 1861. Mwaka uliofuata mkewe, Elizabeth Siddal, alifariki kwa kuzidisha dawa yenye afyuni. Hakuoa tena.

Mwaka 1871 yeye na Morris walipanga pamoja nyumba ya shamba, Kelmscott, kando ya mto Thames. Mwenye mke alisafiri kwenda Iceland kiangazi hicho, na Rossetti akabaki shambani pamoja na Jane na watoto. Mapenzi yake kwa mke wa rafiki yake hayakuwa siri kwa waliokuwa karibu nao. Miaka hiyohiyo ndipo alipoanza kumchora kama Proserpine: mwanamke aliyefungwa na ndoa mahali asipopataka, ambaye mwanga humfikia kwa nadra.

Hapo mtazamaji anapaswa kuwa mwangalifu. Hicho ni kisa alichokisimulia Rossetti kuhusu Jane. Jane mwenyewe hakuchora. Huenda kuzimu kule kulikuwa kwa mchoraji kuliko kwa aliyechorwa. Watu wengi wamesimulia habari za Persephone kwa karne nyingi, na mara chache sana yeye ndiye aliyeulizwa.

Mama anaona mlango, binti anaona ukuta

Michoro hii ikiwekwa pamoja, tofauti ya kwanza ni ya mwanga. Kwa Leighton mwanga ni mkubwa na uko mbele. Kwa Rossetti ni mdogo, uko nyuma, na utazimika.

Tofauti ya pili ni ya watu. Leighton ameweka watatu, na kila mmoja anamtazama au kumshika mwenzake. Rossetti ameweka mmoja, anayejishika mwenyewe.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi: wakati. Leighton amechora siku moja ya furaha. Rossetti amechora miezi mingine yote, ile ambayo mama haioni.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema wahenga. Picha ya Leighton inakubaliana nao. Ya Rossetti inaongeza kitu: uko uchungu wa mwana ambao mzazi haujui, kwa sababu unapita mahali asipofika. Demeter alijua uchungu wa kutafuta. Hakujua kulikuwaje kusimama kwenye ukumbi ule.

Na ndiyo maana punje ya komamanga ina uzito. Utenzi wa kale unasema Hades alimpa binti punje hiyo kwa siri, na binti anamwambia mama yake kwamba alilazimishwa. Ovid anasimulia vingine: msichana alitangatanga bustanini, akachuma tunda mwenyewe, akala punje 7. Wasimulizi hawakupatana. Katika picha ya Rossetti, mkono unaoukamata mkono mwenzake haujibu swali hilo. Unaonyesha tu kwamba mwenye mikono hiyo analijua.

Mzazi anayemsubiri binti mlangoni angependa asikie kwamba hakula. Demeter alisikia kinyume chake, na hakumwachia mwanawe mikono. Utenzi unasema walikaa siku nzima wakikumbatiana, kila mmoja akiituliza roho ya mwenzake. Hecate naye akaja, akambusu binti, na tangu siku hiyo akawa msindikizaji wake. Kwanza alipokewa, hesabu ya miezi ilifuata baadaye.

Kuitazama na watoto

Michoro yote miwili hupatikana kwenye tovuti za majumba inamohifadhiwa, na mtoto hahitaji kujua Kigiriki ili aielewe. Mdogo anaweza kuanza na ya Leighton. Aulizwe nani anatoka wapi, nani anamsubiri nani, na nani amechoka. Watoto huona mapema kwamba msichana hana nguvu, na wengi watataka kujua kwa nini. Kisa kisimuliwe hapo, kwa maneno ya nyumbani.

Kwa mtoto aliyekua, hasa binti aliyekaribia umri wa sekondari, ya Rossetti ina mazungumzo zaidi. Huyu anatazama nini? Mwanga ule umetoka wapi? Kwa nini amejishika mkono? Maswali haya hayana jibu moja, na mzazi hana haja ya kulitafuta. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kuongea habari za mtu wa kwenye picha, hata kama anazungumza habari zake.

Na liko swali ambalo halifai kurukwa kwa kisingizio kwamba ni hadithi ya kale: nani alimuuliza Persephone? Wanaovifahamu vikao vya posa wanajua uzito wa swali hilo. Baba alitoa neno, baba mkubwa akachukua, na gharama yake ililipwa na kila mtu, hata ng'ombe waliovuta majembe bure. Wagiriki wa kale, ambao mabinti zao waliozwa wakiwa wadogo kwa makubaliano ya wanaume, walikisimulia kisa hiki na kukiheshimu. Kule Eleusis, mama na binti hao walifanyiwa ibada kila mwaka, kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Suluhu waliyoiweka kwenye kisa chao si kamili. Binti harudi wote. Ana nyumba mbili, na kila mwaka mama anaanza upya kuhesabu siku. Lakini binti haachwi kule, na mbegu zinaota.

Katika jumba la Leeds, Persephone bado anapanda na mama bado ametandaza mikono. Kilomita karibu mia tatu kusini, London, mwanamke mwenye komamanga bado anautupia jicho mwanga ulio ukutani. Ni mtu yuleyule. Mama anayesubiri mlangoni angefanya vema kuijua na ile sura ya pili, ili binti akifika asilazimike kuieleza yote siku ya kwanza.